Gilbert Walker, mtu wa hesabu aliyetafuta siri ya mvua baharini

Gilbert Walker hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa siku alipopewa kazi ya kutabiri mvua ya India. Alikuwa mtu wa hesabu. Leo jina lake limepewa mzunguko wa upepo ambao, ukibadilika, huleta mafuriko huku na ukame kule.

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa sita 1868 mjini Rochdale, Uingereza. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwa wa kwanza katika mtihani wa hesabu wa mwaka 1889. Alipenda kupiga filimbi na kurusha bumerangi, ile fimbo iliyopinda ya wenyeji wa Australia.

Mwaka 1904 aliwekwa kuwa mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya India, chini ya ukoloni wa Waingereza. Kazi ilikuwa nzito. Mwaka 1899 ofisi hiyo ilikuwa imetangaza mvua nzuri, lakini mvua ikakosekana, mashamba yakakauka, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi sana.

Walker alikubali kwamba hakuna aliyejua sababu. Basi akaamua kuacha tarakimu zenyewe ziongee. Aliwapa makarani Wahindi kazi ya kulinganisha, kwa mkono, vipimo vya mvua, joto na uzito wa hewa kutoka pande nyingi za dunia. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na majina ya wengi wa makarani hao hayajulikani.

Katika rundo hilo la karatasi likaonekana jambo la ajabu: uzito wa hewa unapopanda juu ya Bahari ya Pasifiki, hushuka upande wa Bahari ya Hindi, kisha hugeuka, kama mizani. Mwaka 1924 aliipa hali hiyo jina la msukosuko wa Kusini.

Mwaka huo huo alirudi London kufundisha. Wataalamu wengi walimtilia shaka, kwa sababu hakuweza kueleza kinachosukuma mizani hiyo. Tena, lengo lake la kwanza, kutabiri mvua ya India kwa uhakika, hakulifikia. Alifariki mwezi wa kumi na moja 1958, akiwa na miaka 90.

Jibu lilikuja mwaka 1969. Jacob Bjerknes, mtaalamu kutoka Norway, alionyesha kwamba bahari ndiyo inayoshika mizani. Kwa kawaida upepo husukuma maji ya moto ya Pasifiki kuelekea Indonesia, na mvua hunyesha huko. Upepo ukilegea, maji hayo hurudi mashariki na mvua huyafuata: ndiyo El Niño. Bjerknes aliuita mzunguko huo kwa jina la Walker.

Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake. Mwishoni mwa 2019, maji ya upande wa Afrika yalipata joto kupita kawaida, upande wa Indonesia yakapoa. Mvua kali zikapiga Afrika Mashariki. Miezi hiyo hiyo mito ya Ubangi na Congo ilifurika, wakaaji wengi wakapoteza nyumba.

Wanaotabiri mvua za kanda hii leo huanza kwa kupima joto la bahari, hata kwa wakulima walio mbali sana na pwani. Njia hiyo ilianzia kwenye karatasi za Walker na makarani wake.