Sheikh Kaluta Amri Abedi: Mshairi Aliyekabidhiwa Wizara ya Sheria

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani ambaye vijana wa shuleni wangefaa kumjua. Sikuhitaji kufikiri sana. Katika mkutano wetu uliopita nilikaa na wanafunzi wa Kidato cha Tatu chini ya mwembe, nikawauliza kama wanamjua Sheikh Amri Abedi. Mmoja akajibu upesi kwamba huo ni uwanja wa mpira wa Arusha. Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu jingine.

Basi wadogo zangu, kabla ya kuwa uwanja alikuwa mtu.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alisoma Tabora, katika shule ile ile aliyosoma Mwalimu Nyerere. Tangu ujana wake alijiunga na Waislamu wa Jumuiya ya Ahmadiyya, akawa mhubiri wao. Jambo hilo halikumpatia marafiki wengi, kwani Waislamu walio wengi pwani na bara hawakukubaliana na Waahmadiyya, na mabishano yalikuwa makali. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na jumuiya hiyo Nairobi mwaka 1953, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, ilipita mikononi mwake, naye aliifanyia kazi kubwa. Iliwaudhi masheikh wengi. Lakini hata waliompinga katika dini walisoma mashairi yake.

Mwaka 1954, mwaka ule ule ilipozaliwa TANU, kilitoka kitabu chake kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Nusu ya kwanza anafundisha, nusu ya pili anatunga mwenyewe. Washairi walikuwako kabla yake kwa mamia ya miaka, tena mabingwa, lakini ujuzi wao ulikaa vichwani na masikioni. Amri aliukusanya akauweka katika maandishi: ubeti ni nini, kina cha kati na kina cha mwisho vinakaa wapi, mizani huhesabiwaje, kituo kina kazi gani. Alishikilia kwamba utungo usioimbika si shairi.

Hapa naomba nitoke kidogo njiani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na nakala ya kitabu hicho, akitufundisha mizani kwa kugonga meza: nane, kisha nane nyingine, jumla kumi na sita. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilitunga shairi la kuusifu mpunga wa Kilangali, nikalipeleka libandikwe ubaoni kwa mbwembwe zote. Mwalimu akaligonga meza mbele ya darasa zima. Mshororo wa tatu ulikuwa na mizani kumi na saba. Nilirudi bwenini nimenuna, nikasema moyoni kwamba huyu Amri ni askari wa barabarani tu. Baadaye niliposoma Chuo Kikuu niliona kwamba sikuwa peke yangu. Miaka ya 1970 Euphrase Kezilahabi, na wengine baada yake, waliziasi sheria hizo wakatunga bila vina wala mizani, na ugomvi wa wanajadi na wanamapinduzi ukajaza kurasa nyingi. Mimi nimewasoma wote na sasa nina maoni yangu: hata aliyeasi alihitaji kwanza pawe na sheria iliyoandikwa ya kuiasi.

Turudi kwenye safari. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda kusoma zaidi dini huko Rabwah, Pakistan. Aliporudi, nchi ilikuwa katika harakati za kudai uhuru, naye akaingia kazini. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Fikirini, huyu ni mtu wa kutoka Ujiji, mhubiri wa jumuiya ndogo isiyopendwa na wengi mjini, anavaa joho la umeya ambalo kabla yake halikuwahi kuvaliwa na mweusi. Mwaka 1962 akapelekwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Magharibi, na mwaka 1963 Mwalimu akamteua kuwa Waziri wa Sheria.

Si ajabu peke yake duniani. Huko Madras, kusini ya India, C. N. Annadurai aliandika michezo ya jukwaani na ya sinema kwa Kitamili kabla hajawa Waziri Kiongozi mwaka 1967, na umaarufu wake ulitokana na lugha ya watu wake. Lakini huyu wetu alipewa kazi ya namna ya pekee. Yule aliyeandika sheria za shairi aliwekwa kusimamia sheria zenyewe.

Tena ulikuwa mwaka wa mambo makubwa. Wakati wa ukoloni kulikuwa na mahakama za wenyeji upande mmoja na mahakama za serikali upande wa pili, na mtu mweusi alijua mlango wake ni upi. Mwaka 1963 ikapitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ikaziunganisha katika mfumo mmoja, na Mahakama ya Mwanzo ikawa ndiyo ngazi ya chini. Ndugu zetu wa Kilosa na Mikumi wanaokwenda mbele ya hakimu wa mwanzo leo na kujieleza kwa Kiswahili wanapita katika mlango uliojengwa wakati ule. Amri alitaka Kiswahili kisiishie ngazi hiyo, kazi ya kutafuta maneno ya sheria ikaanza, na mwaka 1968 Chuo cha Dar es Salaam kikatoa orodha ya istilahi. Yeye hakuiona.

Kwa nini naeleza haya kwa kirefu? Miaka kama kumi na mitano iliyopita nilikuwa likizo Kilangali. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na shauri la mpaka wa jaruba. Ngazi ya chini alishinda, mwenzake akakata rufaa. Siku ya uamuzi mzee alikuwa mgonjwa, akaletewa karatasi na mjukuu. Ilikuwa ya Kiingereza. Kwa kuwa jina lake lilikuwa limeandikwa mara nyingi, akaamini ameshinda tena, akaitunza sandukuni na kuendelea kupalilia. Ni mimi niliyemsomea kwamba ameshindwa, na siku za kukata rufaa zilikuwa zimekwisha. Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu kama na mimi huandika ofisini kwa lugha ile. Nikamjibu ndiyo.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu 1963 hadi hapo ni miaka 58.

Mwaka 1964 Amri alihamishiwa Wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Hakudumu nayo. Alifariki Bonn, Ujerumani Magharibi, tarehe 9 Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka arobaini tu. Mimi nimekwisha kuupita umri huo, na bado nangojea kupandishwa daraja.

Nakala ya kitabu chake, ile ya mwalimu wetu ambayo aliniachia alipostaafu, nimeikabidhi kwa maktaba ya shule. Haina jalada, na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini sehemu ya mizani iko salama.