Maisha ya Bwana J. H. Patterson, Mjenzi wa Daraja la Tsavo

Kwetu Mara simba si mgeni. Mtoto aliyekulia Bunda, jirani na Serengeti, kama hakumsikia akinguruma usiku basi amesimuliwa na babu yake. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba mtu fulani aliua simba wawili, hatushangai sana. Bwana John Henry Patterson alipata sifa duniani kote kwa ajili ya simba wawili wa Tsavo, katika nchi ya Kenya, waliokuwa wakila watu. Lakini hakupelekwa Tsavo kuwinda. Alipelekwa kujenga daraja, na mimi naona kazi hiyo ya daraja ndiyo inayostahili kusomwa zaidi na wanafunzi.

Alizaliwa Ireland mwaka 1867. Alipokuwa kijana aliingia katika jeshi la Waingereza, akatumikia India. Huko alijifunza Kihindustani, na baadaye lugha hiyo ilimwokoa roho yake, kama tutakavyoona.

Tarehe 1 Machi 1898 alishuka Mombasa ili kuwa injinia wa reli ya Uganda. Reli hiyo ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1896, na mwisho wake ulikusudiwa kuwa ziwa letu hili la Victoria. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi. Patterson alipofika Tsavo, reli ilikuwa imekwisha vuka mto kwa daraja la muda tu, na watandikaji wa reli walikuwa wakisonga mbele kuelekea bara. Yeye aliachwa nyuma kujenga daraja la kudumu. Chakula, maji, mataruma na vyuma vyote vya wale waliotangulia vilipita hapo. Daraja la muda likichukuliwa na maji, maelfu ya watu wangekatwa na pwani.

Shida ya kwanza ilikuwa mawe. Nguzo za daraja zilitakiwa kujengwa kwa mawe magumu ya kuchongwa, na karibu na mto hayakuonekana. Siku moja alipokuwa akiwinda kanga alishuka katika korongo, na mle ndani akaona mawe yale yale aliyoyatafuta. Machimbo yakafunguliwa. Kwa kuwa njia ya kuyatoa ilibidi kuvuka mto mara mbili, alitandika reli ndogo ya matroli na kujenga vidaraja viwili vya muda.

Shida ya pili ilikuwa waashi. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, na kibarua wa kawaida rupia 12. Basi wengi walijiandikisha kuwa waashi, kumbe hawajapata kushika patasi. Patterson akaamua kulipa kwa kadiri ya kazi iliyofanyika. Wajuzi waliendelea kupata mshahara wao kamili, na wengine wakaona wamedhulumiwa. Mnamo Septemba 1898 walikula njama ya kumwua kule machimboni. Walipomzunguka, aliruka juu ya jiwe akasema nao kwa Kihindustani mpaka wakatulia, na viongozi wao wakapelekwa Mombasa kuhukumiwa. Habari hizi tunazipata katika kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1907. Waashi hawakuandika kitabu, kwa hiyo upande wao hatuujui.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mawe ya nguzo yalikuwa mazito mno kuinuliwa kwa mikono, na kreni haikuwapo. Alichukua reli mbili za futi 30 kila moja, akaziunga kwa bolti huko juu, na miguu yake akaitanua kama futi 10 na kuikaza katika gogo kubwa. Hapo juu akatundika kapi na kamba. Watu wakavuta, na jiwe likapanda na kuelea hewani mpaka mahali pake. Reli zilezile za kupitisha gari moshi zikawa mashine ya kuinulia.

Palipobaki pagumu zaidi ni boriti za chuma. Kutoka nguzo hata nguzo palikuwa na futi 60. Hakuwa na winchi, wala kapi za kutosha kuivuta boriti nzito namna hiyo juu ya mto. Tena boriti ndefu ikiponyoka upande mmoja hujipinda, na haifai tena. Basi alisimamisha katikati ya nguzo mbili mnara wa mataruma ya mbao, yaliyopangwa safu juu ya safu, moja kwenda urefu na moja kukingama. Juu yake akalaza magogo makubwa yakifika kwenye nguzo za mawe, na juu ya magogo akatandika reli. Boriti ikasukumwa ikiwa bado juu ya magari yake yaliyotoka nayo pwani, hata ikafika mahali pake hasa. Ikainuliwa kwa jeki, magari yakaondolewa matupu, daraja la mbao likabomolewa, na boriti ikashushwa polepole mpaka ikakaa juu ya mawe.

Katika miezi hiyo yote simba walikuwa wakiingia kambini usiku na kuchukua watu hemani. Desemba 1 vibarua walilala juu ya reli, wakalisimamisha gari moshi, wakapanda na kwenda zao Mombasa. Kazi ilisimama kwa majuma matatu hivi. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba 1898, wa pili tarehe 29. Patterson alikuja kuandika kwamba waliokufa walikuwa 135. Wataalamu walioyapima manyoya na mifupa ya simba hao wamekadiria, mwaka 2009, watu wapatao 35. Wafanyakazi walirudi, na Januari 1899 wakamzawadia bakuli la fedha.

Daraja lilimalizika tarehe 7 Februari 1899. Siku moja au mbili baadaye mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, ukang'oa miti na kuizungusha kama mabua. Patterson alisimama juu ya daraja lake akitazama. Vidaraja vya matroli vilikatika, kimoja baada ya kingine, na mbao na reli zake zilizopindika zikaja kwa kishindo kuzigonga nguzo za mawe. Nguzo hazikutikisika.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na katika miaka iliyofuata mizigo ya Musoma ilikuja kwa meli kutoka bandari hiyo. Patterson alikuwa amekwisha ondoka zamani. Alipigana katika vita vya Makaburu, akawa mkuu wa hifadhi ya wanyama Kenya, na katika Vita Kuu ya Kwanza aliongoza askari wa Kiyahudi. Ngozi za simba wake, alizokuwa akizitandika sakafuni nyumbani kwake, aliziuza kwa jumba la makumbusho la Chicago, nao wakazijaza na kuwasimamisha simba hao tena. Alifariki California mwezi wa Juni 1947.