George Mallory na wapagazi saba wa Everest

Kila panapozungumzwa Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, jina la Mwingereza George Mallory halikosi kutajwa. Wengi humkumbuka kwa kupotea karibu na kilele mwaka 1924. Katika makala haya tunaangalia siku nyingine ya maisha yake, tarehe 7 Juni 1922.

Mallory alizaliwa mwaka 1886, mtoto wa kasisi. Alifundisha shule na akapigana Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1921 alikuwa katika msafara wa kwanza wa Waingereza kutafuta njia ya Everest kupitia Tibet. Mwaka uliofuata walirudi, safari hii wakitaka kufika kileleni. Walijaribu mara mbili wakashindwa.

Kisha theluji nyingi ikaanguka. Mallory hakutaka kurudi nyumbani bila kujaribu mara ya tatu. Alipanda na Waingereza wenzake wawili na wapagazi 14, wamefungana kamba makundi manne. Waliipima theluji sehemu ya chini, wakaona imeshika, wakaendelea.

Hapa ndipo penye hatari. Theluji mpya hukaa kama tabaka juu ya ile ya zamani. Matabaka yasiposhikana vizuri, uzito wa watu wachache tu unaweza kulikata lile la juu. Sisi tunaoishi milimani tunajua jinsi udongo unavyoporomoka baada ya mvua kubwa. Theluji nayo huporomoka, tena kwa kasi, na ikisimama hukaza kama saruji. Aliyefukiwa huishiwa hewa upesi. Tena, sehemu moja ya mteremko ikiwa imara, haina maana kwamba ya juu yake ni imara pia.

Mchana ulisikika mlio kama wa baruti, na mteremko ukakatika. Mallory na wenzake wa kamba ya mbele walikokotwa kidogo, wakajinasua. Nyuma yao, wapagazi tisa walitupwa chini ya ukuta wa barafu. Wenzao walichimba haraka na kuwatoa wawili wakiwa hai. Saba walikufa. Hakuna Mwingereza aliyekufa.

Mallory alijilaumu kwa vifo hivyo. Watu hao walikuwa wamemwamini, nao hawakuijua hatari ya theluji kama alivyopaswa kuijua yeye. Hata hivyo mwaka 1924 alirudi Everest, na tarehe 8 Juni akapotea pamoja na kijana Andrew Irvine. Mwili wake ulipatikana mwaka 1999. Mpaka leo haijulikani kama walifika kileleni.

Vitabu vingi vimeandikwa juu ya Mallory, lakini wapagazi wale hutajwa kwa idadi tu. Sisi tunawataja kwa majina: Lhakpa, Norbu, Pasang, Pema, Sange, Dorje na Temba.