Augusta Chiwy, muuguzi wa Bastogne aliyenyamaza na vidonda vyake

Miaka ile shaba ya huku kwetu Katanga ilikuwa ikipakiwa kwenye treni kwenda kusaidia vita ya Wazungu. Wakati huohuo binti wa mama Mkongomani alikuwa akifunga vidonda vya askari Waamerika kwenye theluji ya Ubelgiji: Augusta Chiwy.

Alizaliwa tarehe 6 Juni 1921 kule Mubavu, Burundi ya leo, karibu na mpaka wa Kongo. Baba yake alikuwa Mbelgiji, daktari wa mifugo. Akiwa na miaka 9 alipelekwa Ubelgiji, na baadaye akasomea uuguzi Louvain.

Desemba 1944 alikwenda Bastogne kula Noeli na baba yake, Wajerumani wakauzingira mji. John Prior, daktari wa jeshi la Marekani, alikuwa amebaki na dawa chache na wasaidizi wachache. Alimwomba msaada, naye akakubali. Nguo zake zilipolowa damu alivaa sare ya jeshi, na kama angeshikwa nayo angeweza kuuawa. Alitoka chini ya risasi kuokota majeruhi. Wako askari weupe waliokataa kuguswa naye. Prior akawaachia wachague kati ya mikono yake na kifo. Tarehe 24 Desemba bomu liliangukia kituo chao. Muuguzi mwenzake Renée Lemaire alikufa, pamoja na majeruhi wapatao 30. Augusta alikuwa nyumba ya jirani. Mlipuko ulimrusha, akainuka mzima.

Mzima wa mwili, tuseme. Aliendelea kuuguza wagonjwa wa uti wa mgongo, akaolewa, akazaa watoto wawili, lakini habari za Bastogne karibu hakuzitaja. Lemaire aliheshimiwa kama shujaa. Yeye alisahauliwa zaidi ya miaka 60.

Muda mrefu mshtuko wa vita ulitazamwa kama ugonjwa wa wanaume. Mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouandika rasmi kwa jina linalotumika leo. Kisha utafiti mkubwa juu ya waliotumika Vietnam ukahesabu na wanawake, wengi wao wauguzi: asilimia 8,5 walikuwa bado wanaugua, zaidi ya miaka 10 baada ya vita. Augusta hakuandikishwa jeshini. Hesabu ya namna hiyo isingemfikia.

Mwanahistoria Martin King ndiye aliyemkuta katika nyumba ya wazee karibu na Brussels. Mwaka 2011 Ubelgiji ilimpa nishani, na jeshi la Marekani likafuata. Alifariki tarehe 23 Agosti 2015, akiwa na miaka 94.