Munganga Følling na mikojo ya kijani

Asbjørn Følling alizaliwa 1888 kule Norwe. Alisoma kwanza kimia, kisha uganga, na ile kimia ndiyo ilimusaidia.

Mwaka 1934 mama mumoja, Borgny Egeland, alimuletea batoto wake wawili. Akili yao haikukomaa, mikojo yao ilinuka ajabu. Banganga wengine hawakumupa jibu, lakini mama hakuacha kuuliza. Følling akatia dawa yenye chuma ndani ya mikojo: ikageuka kijani! Akaomba ingine, litre kwa litre, na yule mama akaileta yote.

Peke yake hangefika mbali. Nyumba za walemavu zikamutumia mikojo ya watu 430. 8 wakaonekana vile vile, wengine wa tumbo moja. Ulikuwa ugonjwa wa ukoo: kitu kimoja cha nyama na maziwa kinabakia mwilini, kinaharibu ubongo.

Chakula cha kuuzuia kilipatikana miaka ya 1950. Kwa batoto wa Mama Egeland, kilichelewa. Følling alikufa 1973. Leo tone la damu ya kisigino linaonyesha mutoto muchanga mwenye ugonjwa, labo zinasoma jeni yenyewe, na watafiti wamekwisha kuirekebisha kwa panya.