David Keilin, Mtu Aliyeiona Hamira Ikipumua

Tukisema mtu anapumua, tunafikiria kifua kinachopanda na kushuka. Kumbe hewa ikisha kuingia mapafuni, safari yake bado ni ndefu. Damu huibeba mpaka kwenye misuli, ini na ubongo, na huko ndani ya seli ndiko oksijeni inakotumiwa kukichoma polepole kile chakula tulichokula. Mtu aliyewathibitishia wataalamu kwamba jambo hilo la ndani laweza kuonekana kwa macho ni marehemu David Keilin wa Cambridge, Uingereza. Mimi nampendea ugunduzi wake, lakini zaidi nampendea jinsi alivyomtendea haki mtu mwingine aliyekuwa amekwisha kufa.

Keilin alizaliwa Moscow tarehe 21 Machi 1887, wazazi wake wakiwa Wapolandi, na akalelewa katika mji wa Warsaw. Tangu utotoni alisumbuliwa na pumu. Mwaka wa 1904 alikwenda Liège, Ubelgiji, kusomea udaktari, lakini afya yake haikumruhusu kuishika kazi hiyo, akahamia Paris. Husimuliwa kwamba siku moja mvua ilimkuta barabarani huko Paris, akakimbilia katika jengo la karibu kujikinga, akamkuta Profesa Maurice Caullery akifundisha habari za viumbe. Basi mvua ile ikamfanya kijana kuwa mtu wa wadudu. Alianza na mabuu ya nzi, hasa nzi mmoja ambaye buu lake huishi ndani ya mwili wa nyungunyungu. Mwaka wa 1915, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, Profesa George Nuttall alimwita Cambridge awe msaidizi wake, na huko akakaa maisha yake yote. Taasisi ya Molteno, iliyofunguliwa mwaka wa 1921 kwa ajili ya uchunguzi wa vimelea, ndiyo iliyokuwa shamba lake.

Jembe lake lilikuwa spektroskopu. Hiki ni chombo kinachoutawanya mwanga mweupe ukawa kama upinde wa mvua, kutoka nyekundu mpaka zambarau. Ukiweka kitu chenye rangi mbele ya taa, kitu hicho humeza sehemu fulani za mwanga, na pale ulipomezwa utaona mistari myeusi. Kila kitu kina mistari yake, mfano wa alama za vidole vya mtu. Hemoglobini, ile protini yenye chuma inayoipa damu wekundu wake, ina mistari inayojulikana, na mistari hiyo hubadilika oksijeni ikiwapo au isipokuwapo. Keilin alikiunganisha chombo hiki na hadubini, akaweza kuchungulia hata ndani ya mdudu mdogo.

Alikuwa akifuatilia nzi wa farasi. Buu la nzi huyu hujishikiza katika tumbo la farasi, nalo ni jekundu kwa sababu lina hemoglobini yake lenyewe. Keilin alitaka kujua hemoglobini hiyo inakwenda wapi buu linapogeuka kuwa nzi mwenye mabawa. Alipotazama misuli ya mabawa akakuta mistari minne, wala haikuwa ya hemoglobini. Akatazama wadudu wengine ambao hawana hemoglobini kabisa, akaikuta ile ile.

Kuna nondo anayeharibu masega ya nyuki, na wafugaji wa nyuki wanamfahamu vizuri sana. Keilin alimshika nondo huyo angali hai, akamtazama kifuani kwa spektroskopu. Nondo akitulia, mistari ilikuwa haionekani. Akipigapiga mabawa kutaka kujinasua, mistari ilitokeza, kwa kuwa misuli ilikuwa inatumia oksijeni haraka kuliko ilivyoletwa. Akiacha kupiga, mistari ikafifia tena. Kisha Keilin akatazama hamira, hamira hii hii ya kuumulia mkate, iliyokorogwa katika maji. Mistari minne ikaonekana. Akaitikisa chupa ili hewa iingie, mistari ikatoweka. Akaiacha itulie kidogo, ikarudi. Nijuavyo mimi, hakuna maabara iliyohitaji vifaa vichache kuliko hivyo kwa jambo kubwa kama hilo. Hamira ilikuwa inapumua mbele ya macho yake.

Akatia sianidi, na hapo hata akitikisa namna gani mistari haikutoweka. Sianidi ndiyo sumu inayotoka katika mihogo michungu isipotayarishwa vizuri, na kisa cha ukali wake kiko hapo. Humkamata yule kimeng'enya wa mwisho, mwenye chuma na shaba, ambaye kazi yake ni kuikabidhi oksijeni elektroni zinazotoka katika chakula. Damu imejaa oksijeni, lakini seli haiwezi kuitumia.

Mwaka wa 1925 Keilin alitangaza matokeo yake mbele ya Royal Society, na rangi hiyo akaiita saitokromu, maana yake rangi ya seli. Alionyesha kwamba si kitu kimoja bali ni vitatu, akavipa herufi a, b na c, nazo zinatumika hata leo.

Lakini alipokuwa akipekua maandishi ya zamani aligundua kwamba mtu mwingine alikwisha kuiona mistari ile. Huyo alikuwa Charles MacMunn, daktari kutoka Ireland aliyekuwa akitibu wagonjwa katika mji wa Wolverhampton. Kati ya 1884 na 1886 MacMunn aliandika kwamba misuli na viungo vya wanyama vina rangi maalum ya kupumulia isiyokuwa hemoglobini. Felix Hoppe-Seyler, bingwa wa Ujerumani aliyeipa hemoglobini jina lake, akakataa, akisema ile ni hemoglobini iliyoharibika tu. MacMunn alijibu kwamba kuna wadudu wasio na hemoglobini na bado wana mistari hiyo, na kwa maoni yangu jibu hilo lilitosha. Lakini jarida lilikuwa la Hoppe-Seyler mwenyewe, naye akaufunga mjadala. Nani angemsikiliza daktari wa mji mdogo? MacMunn alikufa mwaka wa 1911, na vitabu vya mafunzo vikamsahau.

Keilin angeweza kumtaja kwa mstari mmoja chini ya ukurasa, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliianza taarifa yake ya 1925 kwa kumweleza MacMunn, alichokiona na jinsi kilivyokataliwa. Tena hakumpamba, maana alionyesha pia pale MacMunn alipokosea.

Yeye mwenyewe Tuzo ya Nobel ilimpita. Mwaka wa 1931 alipewa Otto Warburg wa Berlin kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha kupumua, na Warburg hakuwa mtu wa kuzithamini sana saitokromu za Keilin. Naona hapo palikuwa na nafasi ya watu wawili. Mwaka huo huo Keilin akawa profesa mahali pa Nuttall, na mwaka wa 1951 akapewa Nishani ya Copley.

Spektroskopu hakuiacha. Mwaka wa 1945, pamoja na Wang, alithibitisha kwamba ule wekundu ulio ndani ya vifundo vya mizizi ya soya ni hemoglobini, jambo ambalo Kubo wa Japani alikwisha kulisema mwaka wa 1939. Ng'oa mharagwe wenye afya, upasue kifundo kimoja, utauona wekundu huo. Pamoja na Thaddeus Mann alipata katika damu ya ng'ombe protini yenye shaba, mwaka wa 1938, isiyojulikana kazi yake. Ilijulikana mwaka wa 1969 kuwa ni kimeng'enya kinachoikinga seli na sumu inayotokana na oksijeni yenyewe.

Max Perutz, mkimbizi kutoka Austria, alipokosa mahali pa kuzishughulikia protini zake, Keilin alimpa meza Molteno. Perutz alikuwa anachunguza hemoglobini ya farasi. Mwaka wa 1962 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Kendrew, na Keilin aliishi kuisikia habari hiyo. Alifariki Cambridge tarehe 27 Februari 1963. Aliacha muswada wa historia ya kupumua kwa seli, ambao binti yake Joan aliutengeneza ukatoka kama kitabu mwaka wa 1966. Humo pia MacMunn ameelezwa kwa kirefu.