Chanda kilichomchora Mickey Mouse

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Katika dunia ya sinema za katuni kilikuwako chanda kimoja kilichofanya kazi ya ajabu, lakini pete ikang'aa katika mkono wa mwingine. Ukiwauliza watu panya Mickey Mouse ni wa nani, aghalabu watakujibu kuwa ni wa Walt Disney. Hawakukosea, kwani mwenye kampuni alikuwa ni yeye. Ama aliyeshika kalamu akampa panya yule umbo na mwendo, huyo alikuwa marehemu Ub Iwerks.

Iwerks alizaliwa tarehe 24 Machi, 1901, mjini Kansas City, katika jimbo la Missouri, Marekani. Babake alikuwa kinyozi aliyehamia huko kutoka Ujerumani, na baadaye akaitupa familia yake. Kijana ikambidi aache masomo ili amsaidie mamake. Mwaka 1919 alipata kazi katika karakana ya wachoraji wa matangazo, na hapo ndipo alipokutana na Disney. Walikuwa hirimu moja, wamezaliwa mwaka mmoja. Disney alikuwa na ulimi na ndoto kubwa; Iwerks alikuwa mkimya, lakini kalamu ilimtii.

Mwaka 1920 walifungua biashara ya ubia, nayo haikudumu. Disney akaunda kampuni ya sinema, ikafilisika mwaka 1923, akahamia Hollywood. Iwerks akamfuata mwaka 1924. Mwaka 1927 walitoa katuni za sungura aitwaye Oswald, akapendwa sana. Kumbe haki ya sungura yule haikuwa yao! Mwaka 1928 Disney alinyang'anywa Oswald pamoja na wengi wa wachoraji wake. Iwerks alikuwa miongoni mwa wachache waliokataa kumwacha.

Katika dhiki hiyo ndipo panya alipozaliwa. Wachoraji waliokuwa wakingoja kuhama walikuwa bado wamo kazini wakimalizia katuni za sungura, hivyo Iwerks akajitenga na kuichora kwa siri sinema iitwayo Plane Crazy. Msomaji na afahamu kwamba katika kila sekunde moja ya sinema hupita picha 24, na kila badiliko dogo la mkono au jicho lataka mchoro wake. Inasimuliwa kuwa Iwerks, karibu peke yake, alifikia michoro 700 kwa siku, na katika muda wa takriban wiki mbili kazi ikaisha. Panya alimjenga kwa miviringo: kichwa, masikio, hata tumbo, kwa kuwa mviringo huchoreka upesi.

Tarehe 18 Novemba, 1928, sinema ya Steamboat Willie, iliyokuwa na sauti, ilionyeshwa mjini New York, na panya akavuma. Mwaka uliofuata Iwerks akachora The Skeleton Dance, ambamo mifupa ya wafu hutoka makaburini usiku ikacheza ngoma.

Lakini vikombe viwili havikosi kugongana. Iwerks alipenda kuchora mwenyewe mchoro baada ya mchoro. Disney alimtaka achore mikao mikuu tu, vijana wajaze iliyo katikati. Tena alikuwa akibadilisha hesabu za mwendo ambazo mwenziwe amekwisha kuzipanga. Januari 1930 Iwerks akaondoka. Hisa yake ya asilimia 20 katika kampuni aliiuza kwa dola 2,920. Lau angaliishikilia, mali yake ingalikuwa kubwa mno.

Alifungua karakana yake na kumtoa chura aitwaye Flip. Michoro ilikuwa mizuri, ila hadithi zilipwaya, na mwaka 1936 milango ikafungwa.

Mwaka 1940 alirejea kwa Disney, safari hii akiwa mwajiriwa, si mbia. Wengi wangaliona haya. Yeye aliiacha meza ya kuchora akaingia katika mitambo. Zamani kila mchoro ulinakiliwa kwa mkono na wino juu ya karatasi angavu za plastiki. Iwerks aliutengeneza mtambo wa Xerox ukaifanya kazi hiyo, na ndio ulioiwezesha sinema ya mwaka 1961 iliyojaa mbwa wenye madoadoa, One Hundred and One Dalmatians. Alishughulikia pia hila za picha katika The Birds ya Alfred Hitchcock, mwaka 1963, na katika Mary Poppins, mwaka 1964, ambamo watu hai hucheza pamoja na katuni. Kwa ufundi wake alitunukiwa tuzo za Akademi mwaka 1960 na 1965.

Alifariki tarehe 7 Julai, 1971, akiwa na miaka 70. Mwaka 1999 mjukuu wake, Leslie Iwerks, alitoa filamu ya maisha yake, na jina lake la Kiingereza maana yake ni mkono ulio nyuma ya panya.

Dini yetu imetuhimiza kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Fedha Iwerks alilipwa, kidogo au nyingi. Lakini kumtaja mtu kwa kazi yake nako ni ujira, na huo ulikawia hata jasho likakauka zamani. Tuchungueni basi na hapa kwetu: nyuma ya kila jina kubwa, ni nani aliyeshika kalamu?